Sura ya Mama kwenye Chupa

San Cosme, Texas
19 Februari 1967

Mpendwa mdogo wangu Telesforo,

Amani ya Kristo iwe nawe, na wifi yangu Zulema pia. Hali yako ikoje? Kile kikohozi ulichokuja nacho Krismasi kimekuacha, au bado mnalala nacho kitanda kimoja? Mimi sijambo, isipokuwa goti, ambalo siku hizi linajua mvua kabla ya redio. Mbuzi wawili wamezaa mapacha. Bibi Chona jirani anakusalimu na anasema ulimwahidi kiti cha kubembea mwaka juzi, na mpaka leo anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimekufikishia kama alivyosema.

Vichaka vya agrito vimechanua. Kilima chote cha nyuma ya kisima ni njano, na harufu inaingia mpaka jikoni, tamu kama asali iliyomwagika kwenye moto. Nyuki wamejaa mpaka naogopa kwenda kuchota maji. Ukiona maua yale huwezi kuamini kwamba majani ya kichaka hichohicho yanaweza kumchana mtu mikono kama paka.

Nina maneno mawili. La kwanza, Sikukuu ya Msalaba Mtakatifu ni tarehe tatu Mei, kama kila mwaka. Njoo tupige agrito pamoja, tupike jamu ya sikukuu. Tangu mama afariki, mwaka wa tano huu, nazipiga peke yangu. Unajua kazi yenyewe. Mmoja ashike shuka chini ya kichaka, mwingine apige matawi kwa fimbo. Mimi nashika kwa jiwe na kupiga kwa mkono mmoja, na nusu ya matunda yanaishia miibani kulisha ndege. Nadhiri ya mama ilikuwa kwa ajili yako, Telesforo. Wewe ndiye uliyerudi kutoka vitani ukiwa hai. Hata mara moja tu, uje uchanwe kidogo.

La pili ni picha ya mama, ile aliyovaa aproni, mimi nimemshika bega. Ulisema unaichukua ukatoe nakala. Krismasi imepita. Ukutani pamebaki msumari.

Ni mimi dada yako,
Eulalia


San Antonio
20 Machi 1967

Dada Eulalia,

Salamu zako nimezipata, ahsante. Sisi wazima. Zulema anakusalimu, anasema matamale uliyotufungia yaliisha kabla basi halijatoka San Cosme, na yeye hakuyala peke yake. Kikohozi kipo, lakini kimepungua. Mwambie bibi Chona kiti kinakuja, ndoo imvumilie.

Mei sitaweza kuja. Mambo ya hapa yamekaa vibaya kidogo, si ya kuandika. Picha bado iko kwa mpiga picha, mtu mwenyewe hana haraka. Usiwe na wasiwasi.

Dada, naomba kitu. Nadhiri ya mama, maneno yake hasa yalikuwaje? Mimi sikuwepo, nilikuwa kule Korea kwenye machela. Nimeisikia ikisimuliwa mara mia, kila mara kwa namna yake. Ninataka neno kwa neno, kama alivyosema. Usiniulize sababu, ni kutaka kujua tu.

Mdogo wako,
Telesforo


San Cosme
2 Aprili 1967

Mpendwa Telesforo,

Kristo amefufuka kweli. Natumaini Pasaka yenu ilikuwa njema. Sisi tulikuwa na Misa ya asubuhi, na Padri Kelleher, yule wa Ireland, alihubiri Kihispania chake mpaka watoto wakacheka, naye akacheka nao. Goti lipo. Mbuzi wapo.

Umeuliza nadhiri. Nitakwambia kwa kuwa nilikuwa nimesimama palepale, na bibi Chona yuko hai, muulize ukitaka.

Ilikuwa Aprili ya mwaka hamsini na moja. Simu ya maandishi ililetwa mchana, nikamsomea mama mimi: umejeruhiwa kifuani, na hawajui kama utaishi. Mama hakulia. Alitoka na aproni yake akapanda kilimani, mimi na bibi Chona nyuma, akasimama mbele ya agrito kubwa iliyo karibu na mwamba. Matunda yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuwa mekundu. Akalishika tawi kwa mkono mtupu, akalibana. Bibi Chona akamwambia, "Tomasa, achia, unajiumiza." Mama hakuachia. Akasema hivi, na haya ndiyo maneno yake:

"Mungu wangu, nirudishie Telesforo akiwa anapumua. Maadamu anapumua, kila Msalaba Mtakatifu nitakuletea jamu ya agrito za kilima hiki, zilizopigwa kwa mikono ya nyumba hii. Na katika nyumba hii hatutauza hata punje moja ya agrito."

Akafungua mkono. Damu ilikuwa inatiririka mpaka kwenye kiwiko, akaifuta kwa aproni. Doa lile halikutoka.

Ni hayo tu. Na mila nyingine unazijua, kwamba chupa ya Msalaba Mtakatifu haionjwi na mtu yeyote wa nyumbani kabla Padri hajaonja. Alipokuwa anakufa alinishika mkono akaniambia, "Sasa ni wewe." Nikasema ndiyo.

Simu ya kifo cha Librado, mume wangu, ilikuja wiki tatu baada ya ile yako. Lakini hilo si la barua hii.

Katikati ya Machi ilipiga baridi kubwa, barafu kwenye ndoo mpaka saa nne asubuhi. Agrito ni kitu kigumu, usijali. Nirudishie picha.

Dada yako,
Eulalia


San Cosme
9 Mei 1967

Telesforo,

Nakusalimu. Natumaini u mzima, na wifi pia. Mbuzi wazima, goti vilevile. Salamu nimemaliza.

Kinyaa. Sina neno jingine. Nimesukutua kinywa kwa maji ya chumvi mara tatu, na bado ninakionja kile kitu chako nyuma ya ulimi.

Jumamosi kabla ya sikukuu nilishuka hadi kituo cha petroli cha njia panda kununua sukari. Kwenye rafu, katikati ya njuga za mikia ya nyoka na visahani vya majivu ya sigara, nikamwona mama yetu. Amepangwa kwa safu, kwenye chupa za jamu. Ile picha. Aproni yake, kile kidoa cha pembeni ya pua, nywele zake za kufunga nyuma. Kwenye bega, mahali palipokuwa na mkono wangu, mmekata. Na midomo mmempaka rangi nyekundu. Mama, Telesforo. Mwanamke aliyemfukuza shangazi Hortensia mezani siku ya Krismasi kwa ajili ya rangi ya midomo. Juu ya kichwa chake imeandikwa, "Agrito halisi ya Mama Tomasa." Mwenye kituo akaniambia aletaye ni bwana mmoja wa San Antonio, mkohozi, mcheshi sana. Nikajua.

Kumbe ndiyo sababu ya picha kukaa kwa mpiga picha. Kumbe ndiyo sababu ya kutaka neno kwa neno. Na mimi nikakuandikia neno kwa neno, kama mjinga, na doa la damu nikakuwekea humo.

Halafu kitu chenyewe. Siku ya Msalaba Mtakatifu, baada ya Misa, watu walikaa barazani pa kanisa na mikate yao kama kawaida. Padri alionja wa kwanza. Alitafuna, wakati jamu haitafunwi, akatazama juu, akameza kama mtu anayemeza kidonge. Kwenye mkate kile kitu hakikupakika, kilitetemeka kikasimama kama kitu kilicho hai. Mtoto wa fundi viatu alikitema mkononi, na mkono ukabaki mwekundu mpaka jioni. Bibi Chona alilamba kijiko, akasema kwa sauti ya kusikiwa na baraza zima, "Hii ni dawa ya minyoo ya mbuzi. Naijua, nimewanywesha." Watu walicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya kanisa nikatapika.

Hamkuweka agrito humo, Telesforo. Hata ile inayouzwa na walafi ina uchachu kidogo. Yako haina. Umelivunja neno la mama, na hata kulivunja umelivunja kwa uongo.

Kiondoe kile kitu barabarani. Toa sura ya mama humo.

Eulalia


San Antonio
11 Juni 1967

Dada,

Nimechelewa kujibu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyosoma Biblia, Mungu anisamehe. Zulema aliisoma mara moja, akaenda kukaa uani.

Hujambo? Goti linaendeleaje?

Nitakueleza yote, halafu ukipenda unitukane tena. Tangu Januari sifanyi kazi. Kiwanda cha saruji hawakunifukuza, mimi mwenyewe sikuweza kupanda ngazi. Daktari ametazama picha ya kifua, anasema kuna kivuli, upande uleule wa risasi. Sikukwambia kwa sababu ungepanda basi uje na mafuta ya mbuzi kunisugua.

Zulema ndiye aliyefikiria jamu. Wapita njia wanapenda vitu vya mashambani, vyenye bibi kwenye chupa. Mimi nikasema haiwezekani, kuna nadhiri. Nikakuandikia. Ukanijibu neno kwa neno. Nikalikalia lile neno siku tatu, nikiliangalia huku na huku. "Hatutauza hata punje moja ya agrito." Basi, nikasema, sitauza hata punje. Dada, nakuapia kwa mifupa ya mama, katika chupa zile hakuna agrito hata tone. Ni maji ya tufaha ya kopo, rangi nyekundu ya keki, na ule unga wa kugandisha. Zulema alitaka kuweka kidogo ili kupata ladha, kuna mtu sokoni anauza. Nikamshika mkono. Nilimwambia, mwanamke, unataka kuniua? Nimekaa miaka kumi na sita nikipumua kwa sababu ya lile tawi, halafu niende nikauze punje?

Unasema nimesema uongo. Ndiyo. Nimewadanganya wenye magari. Mungu sikumdanganya. Nilichagua nani wa kumdanganya.

Midomo ni mchoraji aliyepaka, sikumwagiza. Lakini niliiona nikanyamaza. Kipande chako cha picha nilikitunza, nakutumia ndani ya bahasha hii. Kimekaa kwenye Biblia muda wote.

Sasa na mimi nakuuliza kitu kimoja. Jamu yangu naipeleka vituo vya petroli, siipeleki kanisani. Ilifikaje kwenye meza ya Msalaba Mtakatifu? Na ile ya kilimani ilikuwa wapi?

Kikohozi kimezidi tangu Mei. Sisemi kitu. Nasema tu kimezidi.

Mdogo wako,
Telesforo


San Cosme
24 Juni 1967, Sikukuu ya Mtakatifu Yohane

Mpendwa mdogo wangu Telesforo,

Amani ya Kristo iwe nawe na Zulema. Kifua chako kikoje leo? Wiki hii nimekuombea rozari tatu kwa siku, na goti linanilaumu, lakini nimeliambia limtazame Bwana alivyopiga magoti.

Umeuliza swali lenye jibu moja tu. Ni mimi niliyeiweka.

Ile baridi ya Machi iliua maua yote. Asubuhi yake nilipanda kilimani, njano yote iko chini, imekuwa rangi ya chai. Nilisimama pale na shali yangu, na nitakwambia kitu ambacho nimemwambia Padri peke yake. Nilifurahi. Niliona nafuu, kama mtoto anayeambiwa leo hakuna shule.

Miaka kumi na sita nimezipiga zile agrito nikiwa nimekaza meno. Mama alipolishika lile tawi, Librado wangu alikuwa bado hai, kwenye mahema ya jeshi lilelile, wiki tatu kabla ya simu yake. Kumtaja na yeye kungemgharimu nini? Angeongeza jina moja tu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikangoja alitaje. Hakulitaja. Akafungua mkono, akafuta damu, tukashuka. Tangu siku hiyo nachanwa mikono kila mwaka kwa ajili ya pumzi yako, na sijawahi kumwambia mama, wala wewe. Nilipoona maua yamekufa nilifurahi, halafu nikaona nilichofurahia. Nilikuwa nafurahia kwamba mwaka huu wewe hutaombewa. Nilikuandikia juu ya kinyaa, Telesforo. Kinyaa cha jamu yako ni kidogo.

Basi sikukuu ikakaribia na mimi sina kitu, na baraza zima linangoja jamu ya nyumba yetu. Nikakuta zile chupa kituoni. Nilikasirika, ni kweli, lakini nilinunua moja. Niliwaza, angalau ndani kuna agrito, imeandikwa halisi. Niliamini sura ya mama. Nyumbani nikaipasha moto, nikaimimina kwenye chupa yake ya siku zote, ile yenye ufa shingoni, nikafunga kitambaa. Sikuonja, kwa sababu haionjwi kabla ya Padri. Ningevunja mila hiyo moja, hiyo ndogo, ningejiokoa na aibu yote. Lakini hiyo nikaishika. Nilimpelekea Mungu rangi ya keki kwa heshima zote.

Wewe hukuivunja nadhiri. Niliyeivunja ni mimi, halafu nikakutukana kurasa mbili.

Barua yako ilifika tarehe kumi na nne. Kesho yake nilichukua fimbo na shuka nikapanda. Nilizunguka kilima chote, majani matupu na miiba. Lakini ile agrito ya mama, ya chini ya mwamba, upepo wa kaskazini haukuifikia vizuri, na kwa ndani kabisa, mahali mbuzi hawafiki, nikaona wekundu. Matunda yaliyokauka nusu, yamesinyaa, ndege wameyaacha kwa kuogopa miiba. Chini kuna kiota cha panya kinachonuka, nikakitandikia shuka hivyohivyo. Bibi Chona aliniona kutoka kwake, akapanda na ndoo yake, akaikalia, akashika pembe ya pili ya shuka. Akaniambia, "Piga, Eulalia. Nimekuja kushika shuka, sikuja kukutazama ukilia." Nikapiga. Kupe, majani makavu, kunguni wa mwituni wanaonuka, na punje nyekundu moja hapa moja kule. Tulipopepeta, hazikujaa kikombe.

Jamu iliyotoka inajaza ile chupa ndogo ya dawa ya macho. Ni nyeusi kidogo na chachu mpaka masikio yanauma, nadhani, maana sijaionja. Leo asubuhi, kabla ya Misa, nimempelekea Padri Kelleher, nikamwungamia yote, na tufaha zako na furaha yangu. Alicheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Akaniambia, "Mama, Mungu amekwisha kulishwa jamu mbaya kuliko ile." Halafu akaacha kucheka, akachovya ncha ya kidole akaonja, na macho yakamtoka machozi, naye akasema, "Hii ndiyo yenyewe." Ikawekwa chini ya msalaba. Nilisema, ni kwa ajili ya Telesforo apumue. Nilisema bila kukaza meno. Halafu nikaongeza Librado, apumzike. Nililitaja mimi mwenyewe. Ilichukua muda mfupi sana.

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo, na mimi nimengoja miaka kumi na sita mtu mwingine aseme.

Sasa jambo la mwisho. Nilirudi njia panda nikachukua chupa zote zilizobaki, ishirini na tatu. Ulichotia ndani nimewamwagia nguruwe wa bibi Chona. Walinusa, wakanitazama, wakaenda zao. Chupa nimezilowesha kwenye karai ili kubandua karatasi. Sura za mama zimetoka nzima, na rangi ya midomo ni mbovu kama jamu yenyewe, imefutika kwa maji. Nimezianika juu ya lile shuka, barazani. Ishirini na tatu, wote wananitazama, na bega la kila mmoja limekatwa. Nimejaribu kukiweka kile kipande ulichonitumia pembeni ya mmoja. Mkono wangu ni mkubwa mno kwake, unamfika shavuni. Sijaweza kuwatupa, wala kuwachoma, na upepo ukianza sijui nitamkimbilia nani kwanza.

Usiuze tena. Tutafute njia nyingine, mbuzi wapo, na chumba cha mama ni kikavu na hewa yake ni safi kuliko ya mjini. Njoo na Zulema. Njoo na ile picha yenyewe, hata kama umeikata, msumari unangoja. Februari agrito zitachanua, na Mei nitakuwa nahitaji mtu wa kushika shuka.

Niambie kifua chako kinaendeleaje, na niwafanye nini hawa mama ishirini na tatu. Nijibu upesi, tafadhali.

Dada yako,
Eulalia